Mgeni alilipa kwa kadi, benki ikaniambia ameyakana malipo: yaliyonikuta na lodge yangu Dodoma

Wakuu, habari za mchana.

Mimi humu huwa msomaji tu. Leo naandika kwa sababu jambo hili lilininyima raha wiki nyingi, na najua wapo wenye mashine za kadi ambao linaweza kuwakuta kesho. Benki siitaji, lodge siitaji. Mengine ni kama yalivyotokea, hata pale ninapoonekana mbaya.

Nina lodge ya vyumba tisa maeneo ya Chimwaga. Wateja wangu wengi ni wazazi wanaokuja kwenye mahafali ya chuo, na watu wa semina.

Mashine ya kadi nilikuwa nayo tangu enzi za duka langu la vifaa vya ujenzi. Duka nilipolifunga, mashine nikaihamishia lodge, akaunti ileile. Kusema kweli nilikuwa siipendi kwa sababu ya makato ya benki kwa kila malipo. Mteja akitoa kadi, nambembeleza alipe kwa simu au cash.

Mapokezi alikuwa anakaa Yusta, binti wa watu wa Gulwe. Alikuwa ameshafanya kazi kwangu miaka minne. Ananiita dada.

Sasa wakaja wageni watatu kutoka Afrika Kusini, wataalamu wa mizabibu, kazi yao ilikuwa Makutupora. Mkubwa wao, Bwana Themba, mzee mpole wa ndevu nyeupe, aliniambia mapema kwamba analipa kwa credit card na hana njia nyingine. Lodge mbili zilishamkatalia. Nikakubali shingo upande.

Wakakaa siku tisa. Siku ya kuondoka mimi nilikuwa msibani Mpwapwa, kwa hiyo Yusta ndiye aliyewahudumia. Malipo yakapita, pesa ikaingia. Nikabadilisha tenki la maji na magodoro ya vyumba vinne.

Zikapita kama wiki tano, nikapigiwa simu na dada mmoja wa benki.

"Mama, kuna malipo ya kadi ambayo mwenye kadi ameyakana. Anasema hajawahi kununua kitu kwako."

Nikamuuliza ni malipo gani. Alipotaja tarehe na kiasi, nikajua ni Bwana Themba.

"Huyo amelala kwangu siku tisa," nikamwambia.

"Tunahitaji ushahidi, mama. Una siku saba za kazi. Kwa sasa kiasi hicho tumekizuia kwenye akaunti yako."

Kisha akaongeza, kwa sauti ileile ya upole, kwamba ikithibitika kadi ilitumika bila idhini ya mwenyewe, mashine itachukuliwa na suala litapelekwa kwa watu wa usalama wa benki.

Nilikaa kwenye ngazi za nje. Hilo neno "bila idhini" lilinikaa kichwani siku nzima. Mimi niitwe mwizi wa kadi za wageni, Dodoma hii ambayo kila mtu wa semina anamjua mwenzake?

Nikakimbilia risiti. Zilikuwa kwenye kopo la maziwa, kwenye dirisha la mapokezi, upande unaopigwa na jua kuanzia saa sita. Nikazimwaga mezani.

Zilikuwa nyeupe. Zote. Kwa wasiojua, karatasi za zile mashine huchapwa kwa joto, hazina wino. Ukiziweka juani maandishi yanapotea. Sahihi ya Bwana Themba ilikuwepo kwa sababu alisaini kwa kalamu, lakini juu yake hakuna tarehe, hakuna kiasi, hakuna chochote. Sahihi inaelea kwenye karatasi tupu.

Hapo ndipo nilipokosea, wakuu.

Woga ulinifanya nitafute mtu wa kumbebesha. Nikaanza kuwaza: siku ile Yusta alikuwa peke yake, kadi ilikuwa mkononi mwake, mimi sikuwepo. Nikamwita.

"Yusta, kadi ya yule mzee uliipitisha mara ngapi?"

"Mara moja, dada."

"Una uhakika? Hukuandika namba zake mahali?"

Akanitazama kidogo. "Dada, unataka kusema nini?"

Nikasema. Maneno yenyewe siyaandiki hapa, nayaonea aibu.

Hakubishana. Kesho yake asubuhi nilikuta funguo zote kaunta, zimepangwa kwa namba za vyumba, na yeye kashaondoka kwenda kwao.

Zile siku zilizofuata sizisahau. Nilikaa mapokezi mwenyewe. Nilikuwa nafungua akaunti kila baada ya dakika chache, kana kwamba kuitazama kutaibadilisha.

Kwenye kitabu cha wageni Bwana Themba alikuwa ameandika namba ya simu na email. Simu haipatikani. WhatsApp tiki moja. Email yake haikusomeka vizuri, kuna alama sikujua ni namba moja au herufi L, nikatuma kote kuwili. Moja ikarudi. Ya pili kimya.

Siku ya nne nikaenda Makutupora kwa watu waliomwalika. Mama mmoja wa ofisini pale alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia mzee yupo nchi nyingine kikazi, huko mashambani mtandao ni wa kubahatisha. Lakini akaniandikia barua kwamba wageni wao walilala kwangu tarehe hizo. Nilitoka na ile barua nimeikumbatia kama mtoto.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, Bwana Themba akapiga mwenyewe. Sikumpa hata nafasi ya salamu. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwa nini amenifanyia vile.

"Mama, mimi sijakukana wewe," akasema. "Nimekana duka la hardware. Sijawahi kununua saruji Dodoma."

Sikuelewa. Akanitumia picha ya statement yake. Pale kwenye malipo ya lodge, jina lililoandikwa lilikuwa la duka langu la zamani, na neno Hardware mwishoni.

Wakuu, kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyehamisha mashine bila kuwaambia benki wabadilishe jina. Mzee wa watu kaona duka asilolijua kwenye kadi yake, akafanya ambacho hata mimi ningefanya.

Siku ileile aliiandikia benki yake kuondoa malalamiko. Mimi nikapeleka benki yangu nakala ya kitabu cha wageni, ile barua na ujumbe wake. Pesa iliachiwa baada ya wiki tatu hivi. Ada waliyonikata benki ya kushughulikia malalamiko haikurudi, hiyo ilikwenda.

Kisha nikaenda Gulwe.

Mama yake Yusta alikuwa nje. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda na kuingia ndani. Yusta alikuwa anamenya karanga. Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha. Aliendelea kumenya mpaka nilipomaliza.

"Dada, wewe uliniuliza kama nimeiba," akasema. "Hukuniuliza siku ile ilikuwaje."

Nikamwambia kazi yake ipo akitaka kurudi, nikaaga.

Nilichojifunza. Wenye mashine, jilipeni shilingi chache kwa kadi yenu wenyewe mwone ni jina gani linatokea kwa mteja. Risiti ipigeni picha siku hiyohiyo. Na msiogope makato kama nilivyoogopa mimi, ulizeni: nilipokwenda kubadilisha jina nikauliza pia na benki nyingine, kumbe makato yanajadilika, na kadi za nje hukatwa tofauti na za ndani. Leo wageni wa kadi ndio wanaokaa siku nyingi zaidi kwangu.

Na wenye kadi, mkiona jina geni kwenye statement, angalieni kwanza tarehe na mlikuwa wapi. Huku upande wa pili kuna mtu hapati usingizi.

Yusta alirudi baada ya wiki mbili. Kazi anafanya vizuri kama zamani. Ila mgeni akitoa kadi, haigusi mpaka aniite nije nisimame pembeni yake nione. Nimemwambia mara nyingi kwamba hakuna haja. Ananijibu, "Sawa, dada," na mgeni mwingine akija ananiita tena.

Hapo ndipo nimekwama. Aliyewahi kumkosea mtu wa kazini kwake namna hii, alifanyaje? Na wenye uzoefu wa mashine, niongezeeni nilichosahau. Nawasoma wote.