Mti Nilioamuru Ukatwe Kimulot

Nimeamua kujicheka kabla hamjanicheka. Mimi ni mhitimu wa kilimo. Miaka minne chuo kikuu, na picha yangu ya gauni iko ukutani kwa mama. Somo la chai nilipata A, ingawa mchai wenyewe niliuona tu kwa projekta.

Wiki jana, siku yangu ya kwanza kama afisa wa nyanjani wa kiwanda cha chai, nilipelekwa Kimulot kwa shamba la Mama Chela. Bosi alinifuata na fomu ya kuamua kama ninafaa kuajiriwa. Wakulima kama ishirini walikuwa wakiningoja, vikapu mgongoni.

Nikataka kuanza kwa kishindo. Pembeni mwa shamba kulikuwa na mti mrefu kuliko nyumba. Nikaupiga kofi.

"Huu ni adui!" nikanguruma. "Unanyang'anya chai yenu maji na mbolea. Ukatwe leo!"

Wote wakainamisha nyuso. Mimi, kichwa maji, nikadhani ni heshima. Nikaendelea dakika kumi nzima, nikataja hata wadudu wanaojificha humo, tena kwa majina ya Kilatini.

Mama Chela alingoja nimalize, kwa sababu ana adabu. Kisha akavuta tawi la chini, akachuma majani mawili na chipukizi, akayatupa kikapuni mwake. Bosi akaanza kuandika.

"Mwanangu, hii ni chai," mama akasema polepole. "Isipokatwa kichwa inakuwa hivi. Kwani huko chuo mlikuwa mnakunywa uji?"