Asiyeonekana Haitikiwi

Mjukuu wangu ana adabu kuliko watoto wote wa kijiji hiki, na adabu hiyo nusura imuue. Nasema hivyo bila haya, maana nilimpa mimi mwenyewe.

Kabla hajatimiza miaka minne alikuwa anampa mkubwa kitu kwa mikono miwili, goti limeinama. Shikamoo hakumbushwi. Ukimwita, "abee" imeshatoka kabla hujamaliza jina lake. Lakini lazima awe anakuona. Hilo nalo nilimfundisha mimi: "Ukisikia unaitwa na humuoni anayekuita, nyamaza. Asiyeonekana haitikiwi." Nilifundishwa hivyo na mama yangu, na yeye alikulia katika nyakati ambazo watu wa huku walikuwa wanaogopa simba-watu, wauaji waliovaa ngozi za simba. Jina lako linaitwa kutoka ndani ya mtama, unaitika, unakwenda, basi, wenzako wanaokota kitambaa. Siku hizi simba-watu hawatajwi sana, lakini fisi wapo, na habari za wezi wa watoto tunazisikia redioni. Sikuona sababu ya kuiacha sheria ya mama. Nilipofanywa mlezi wa kituo cha watoto, nikawafundisha watoto wote, na wote wakaishika.

Kituo kilianza hivi. Afisa ustawi wa jamii alikuja na pikipiki kutoka wilayani, binti mdogo tu, amejifunga kilemba cha kukinga vumbi, akaitisha mkutano. Akasema msimu wa mavuno watoto wadogo wanaachiwa watoto wenzao, wanaungua kwa moto, wanatumbukia visimani. Kwa nini tusiwakusanye mahali pamoja mchana, wakalishwa na kuangaliwa? Wanaume wakaguna. Mmoja akasema, "Sisi tulilelewa na mbuzi, tukakua."

Nikamwambia, "Ndiyo maana mpaka leo unanuka beberu."

Mkutano mzima ukacheka, na kwa kicheko hicho nikachaguliwa mlezi. Niliishia darasa la tatu. Lakini nimezaa watoto saba na wote wako hai, sasa mwenye cheti kuzidi hicho ajitokeze.

Tukapewa ghala la zamani la pamba. Kila mzazi alileta unga wa uwele na mzigo wa kuni. Nikapewa mwenzangu wa kusaidiana, mama kijana aliyekuwa ananyonyesha. Uwanja tukauzungushia wigo wa miiba. Yule binti wa ustawi alipokuja kukagua, akautingisha kidogo kwa ncha ya kiatu.

"Bibi, huu wigo mbuzi watautoboa. Jengeni hata ukuta mfupi."

"Mbuzi wa huku wananijua," nikamjibu.

Aliyekuwa hataki kituo kuliko wote ni mkwe wangu, mke wa mwanangu, mama wa mjukuu wangu huyo. Mwanangu yuko Shelui anapakia mizigo kwenye malori, anakuja nyumbani kwa msimu, kwa hiyo shamba la alizeti lilikuwa juu ya mgongo wa huyu mwanamke peke yake. "Mama, mtoto wangu naenda naye shamba," aliniambia. Nikamwuliza anakwenda kuvuna au kubeba. Nikamwuliza kama watoto wa wenzake ni wa kuokota. Nilimsema mpaka akachoka. Akamwacha mtoto mlangoni kwangu, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo. Alizeti zilikuwa zimekauka, vichwa vimeinama chini kama watu msibani, na mashina yake yalikuwa marefu kuliko mwanaume. Asubuhi ile ile mkwe wangu alipita njia ya nyuma ya kituo na magunia yake matupu kichwani. Mtoto alimwona. Mimi nilikuwa nakoroga uji. Mwenzangu alikuwa anamwosha mtoto aliyejichafua. Hakuna aliyelala wala aliyekuwa anapiga soga. Tulikuwa kazini, na mtoto akapotea tukiwa kazini.

Nilijua wakati wa kugawa uji. Kikombe kimoja kilibaki mkononi na hakikuwa na mwenyewe. Nikauliza, "Mwenzenu yuko wapi?" Mtoto mmoja akanyoosha midomo kuelekea kwenye wigo. Pale chini mbuzi walikuwa wametoboa tundu, dogo, la kupita mbuzi au mtoto.

Nilikimbia kama nilivyo, na mwiko mkononi. Nikafika mwanzo wa mashamba, nikaita. Upepo ukapita kwenye alizeti, kwaaa, kama watu wanaokanyaga majani makavu. Nikaita tena. Nikaingia ndani, sioni mbele wala nyuma, mashina tu, na kila nilipogeuka nilidhani nimeona gauni lake la njano. Ni alizeti iliyochelewa kukauka. Nikaita mpaka sauti ikapasuka.

Mkwe wangu alinisikia kabla hajaniona. Alitoka kwenye mstari wake na fundo la vichwa vya alizeti kifuani, akanitazama mikono. Mikono yangu ilikuwa na mwiko. Aliachia vichwa vyote vikaanguka, akaanza kukimbia huku anaita jina la mwanawe, sauti ambayo sitaki kuisikia tena mpaka nafukiwa.

Mtendaji wa kijiji alipigiwa, naye akampigia binti wa ustawi na polisi. Kijiji kikaacha mavuno. Wanaume waliingia mashambani na fimbo na mapanga, vijana wanapiga madebe, wanawake wanaita kwa mstari. Jina moja, vinywa vingi. Watu wengine walikwenda kwenye lambo la ng'ombe kuchokoa maji kwa miti. Niliwaona kwa mbali wameinama pale, nikageuza uso.

Jua lilipoanza kulala upande, mtu akaona nyayo za fisi kwenye njia ya mchanga. Wengine wakasema za jana, wengine za leo. Yule wa mbuzi, yule niliyemtukana mkutanoni, alikuwa amesimama karibu yangu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sauti ya chini, kama anaongea na fimbo yake: "Mtoto mzima angeitika. Anayeitwa hivi na haitiki, ameshanyamazishwa."

Mkojo ulinitoka. Mwanamke wa umri wangu, mbele za watu. Sikujali. Nilikuwa naona kichwani gauni la njano na jinsi fisi anavyokula, maana nimewahi kuona ndama aliyeliwa. Nilikuwa namwona mwanangu anashuka kwenye lori na mimi nimekaa chini namngoja na maneno yangu. Maneno gani?

Nikasema labda amerudi kituoni. Nilijua hajarudi, ila miguu ilitaka kwenda mahali. Nikafika kwa upande wa nyuma wa ghala, kwenye ukuta usio na mlango, wenye dirisha dogo juu. Nikaita, "Watoto!" Kimya. Nikaita mmoja mmoja kwa majina. Kimya. Watoto wote wale, hata kikohozi hakuna. Nikasema Mungu wangu, wameondoka wote.

Nikazunguka mbio. Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye mlango, mtoto wake ananyonya, macho yamemvimba kwa kulia. Nikampita, nikausukuma mlango.

Walikuwa wamekaa chini, wote, wamebanana kwenye ukuta ule ule niliokuwa naita nyuma yake. Wananitazama. Waliponiona uso, wakaitika pamoja: "Abee bibi! Naam bibi!"

"Nimewaita mpaka nimekauka! Hamkunisikia?"

Yule wa kunyoosha midomo akasema, "Tumekusikia, bibi. Hatukukuona."

Nilishika fremu ya mlango. Nadhani nilicheka, au nililia, mwenzangu anasema nilitoa sauti kama ya mbuzi. Kisha nikarudi mashambani. Sikukimbia, lakini nilitembea bila kusimama.

Katikati ya mashamba yetu kuna jabali, kama yaliyojaa Singida nzima, limekaa peke yake kama limeshushwa kutoka juu. Watoto wanateleza juu yake. Mimi sikuwa nimelipanda tangu nilipokuwa msichana. Nikavua ndala.

"Bibi, unakwenda wapi?" mtendaji akaniuliza.

"Juu."

"Shuka, mama, utaanguka. Ngoja nipande mimi, nina miguu."

"Wewe anakujua nani? Waambie wanyamaze. Wote. Madebe yawekwe chini."

"Lakini bibi, tukinyamaza atatusikiaje?"

"Ametusikia tangu asubuhi!" nilipiga kelele. "Anawasikia mpaka mmemtia hofu. Nyamazeni!"

Wakanyamaza. Nadhani walidhani nimerukwa na akili, na mtu aliyerukwa na akili huachwa afanye. Nikapanda kwa mikono na magoti. Jiwe lilikuwa bado na moto wa mchana. Mara mbili niliteleza, goti likachunika, na yule wa mbuzi akaweka bega lake chini ya unyayo wangu, akanisukuma. Nikafika juu. Nikasimama, upepo unapeperusha kanga, na kila shamba liko chini yangu, la kahawia, limeinamisha vichwa. Kijiji kizima kinanitazama. Nikaitoa ile kanga begani, nikaiinua juu kwa mikono yote miwili ili nionekane na yeyote aliye chini anayeangalia mbinguni.

Kisha nikamwita jina lake la nyumbani, ambalo wageni hawalijui. Mara moja tu. Nikaogopa kuita mara ya pili, maana kama kimya kingerudi ningekuwa sina tena cha kujaribu.

Upepo ukapita. Nikasikia mtu anasali chini yangu.

"Abee bibi."

Sauti ndogo, kavu, si mbali. Ilitoka karibu na njia ambayo wanaume walikuwa wamepita siku nzima. Nikamwonyesha mama yake kwa mkono, na mkwe wangu akaingia humo kama maji yanavyoingia kwenye mtaro. Alimkuta amelala kifudifudi kati ya mashina mawili, amejifunika majani makavu, kichwa amekiinua kutazama jabali. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Baadaye, alipokwisha kunywa maji, alimwonyesha mama yake mkono wake mmoja.

"Baba mmoja alinikanyaga kidole," akasema. "Nikanyamaza."

Watu wakacheka kwa furaha, wakampa sifa. Mtoto gani huyu! Mkwe wangu hakucheka. Alinitazama juu ya kichwa cha mwanawe na akasema, "Mama, hii adabu yako." Hakumalizia. Akambeba mgongoni, akaenda zake, na mimi nikashushwa kwenye jabali kama gunia.

Binti wa ustawi alikuja kesho yake. Nilimwandalia kigoda nikijua anakuja kufunga kituo. Aliniamkia vizuri, akakagua tundu la wigo, akaandika, kisha akaniuliza watoto wanafundishwa nini. Nikamwambia yote, sikuficha.

"Bibi, hiyo waiache. Mtoto akiitwa aitike."

"Aitikie nani?"

"Anayemtafuta."

"Atajuaje kama anamtafuta au anamtaka? Nikimfundisha aitikie kila sauti, siku mwizi akija na peremende nikuite wewe na pikipiki yako?"

Alikuwa binti mwenye akili, hakunidanganya kwamba ana jibu. Akasema tu, "Basi aitikie sauti anayoijua, bibi. Ya kwako. Mfanye mazoezi." Akasema kituo hakitafungwa kama wigo ule utaondolewa, na mkwe wangu akikubali kumrudisha mtoto.

Mkwe wangu hakukubali haraka. Alikuwa anakwenda naye shamba, amemfunga mgongoni mtoto mkubwa wa kutembea, anavuna ameinama na mzigo ule. Nilikuwa nawaona nikiwa mlangoni pa kituo. Sikumsema tena. Kisha siku moja akaja mwenyewe, akamshusha mtoto, akasimama palepale.

"Fanyeni hayo mazoezi nikiona," akasema.

Tukafanya. Nikamwambia mwenzangu aende nyuma ya ukuta aigize sauti yangu, maana ameizoea. Akaniigiza vizuri, mpaka kikohozi changu. Watoto wote wakapiga kelele, "Abeee! Naaam!" wakati mimi nimesimama mbele yao. Sauti ya kuiga iliwatosha. Mjukuu wangu peke yake alikuwa amefumba mdomo. Sasa nikaenda mimi nyuma ya ukuta. Nikamwita jina lake la nyumbani, taratibu, kwa sauti yangu ya kweli.

Kimya.

Nikaita tena, safari hii watoto wote. Nilijua yuko upande wa pili, ukuta tu ndio uko kati yetu. Wengine wote wakaitika. Yeye hapana.

Niliporudi, mkwe wangu alikuwa ameegemea mlango, ameweka mkono kichwani kwa mwanawe.

"Huyu hatabadilika, mama," akasema. "Umemfundisha ukamaliza. Tujenge ukuta."

Alikunja gauni, akaenda kwenye kichuguu kuchimba udongo. Nikachukua ndoo, nikamfuata kuteka maji ya kuukandia. Matofali ya kwanza yalitoka yamepinda, na hatukuyatupa. Mtoto alikaa kivulini akitutazama, na kila nilipoinama kufyatua tofali, niliinua kichwa kwanza kuhakikisha kwamba ananiona.