Soksi za Ruba

Kabla hatujaenda msituni magharibi kuhesabu miti ya kinamasi, wenzangu wa kazini walinunua dawa za kupaka miguuni. Mimi nilitoka Kyambogo ninakoishi, nikampelekea mama kitambaa cha marekani mita mbili kule Katwe anakoishi. Mama ni fundi cherehani. Nilitaka soksi ndefu za kitambaa kizito, zifike magotini, zifungwe kwa kamba juu ya suruali, ruba wasipate pa kupenya.

Niseme ukweli, ningeweza kuzitafuta madukani. Ila mama alikuwa ameanza kusahau watu, majirani kwanza, kisha dada zake. Nilijidanganya kwamba akiweza kunishonea mimi, kwa mguu wangu, basi bado ninaye.

Alinisikiliza vizuri kabisa. Akanikumbusha kuwa ruba havutwi, anasukumwa kwa ukucha upande ule mwembamba, na damu ikichuruzika mtu asihangaike, aoshe na kufunga kitambaa safi. Shida ndiyo iliyomfundisha hayo. Tulipokimbia Kongo nilikuwa na miaka mitano, na kinamasini aliwabandua miguuni mwangu mmoja mmoja huku nikilia. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimefurahi kama mjinga.

Wiki iliyofuata soksi zilikuwa tayari. Mshono ulikuwa umenyooka, hauna kasoro. Nikaingiza mguu, vikaingia vidole tu. Nilikasirika, na mpaka leo naona haya. Nilimwambia kwa ukali kwamba amekosea kipimo, autazame mguu wangu.

Aliutazama mguu, kisha uso.

"Hii haiko yako, ssebo," akasema, akiniita bwana kwa Kiganda kama anavyowaita wateja. "Iko ya mutoto yangu. Kesho tunavuka maji."

Nilitaka kumwambia mtoto huyo ni mimi. Badala yake nikamwuliza mtoto yuko wapi.

"Amelala. Usimuamushe." Alizikunja soksi, akazizungushia kamba zake, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Mimi niko na mizigo mingi. Utamubeba? Ruba ikimukamata, usivute na nguvu. Atalia."

Nikamwahidi nitambeba. Nikazitia soksi kwenye mfuko wa shati, zikaenea zote mbili.