Kifungo cha Shati la Leodegar

Hyasinta hakuwa fundi, mjue hilo kwanza. Alikuwa mke wa kibarua wa reli, wamekuja kutoka Songea, wakapanga chumba cha uani Kariakoo, nyumbani kwa Bi Sikudhani. Mtaani walimwita Mama Vitalis, kwa jina la mwanawe. Lakini mkono wake ulikuwa umeizoea sindano, na watoto wa mtaa ule walishinda vumbini. Mwaka wa hamsini na tano akamwomba Bi Sikudhani baraza, akatandika mkeka, akaanza kuwafundisha.

Vitambaa alipewa na Ranjanben, mwenye duka kule Mchafukoge: vipande vya marekani, ile pamba nyeupe, na vya kaniki nyeusi. Mtoto akianza alishona kifuko cha gololi. Mkono ukizoea, kitambaa cha kushikia sufuria. Wavulana na wasichana mkeka mmoja, na hilo peke yake lilikuwa limekwisha kuwakera watu.

"Mama Vitalis," alisema fundi Rajabu, mwenye cherehani pembeni mwa baraza, "mwisho utawafundisha kuku kupiga pindo."

"Niletee. Watatulia kuliko wewe."

Siku moja Celina, msichana mdogo, aliona shati la mdogo wake Leodegar halina kifungo. Akamkalisha, akakishona papo hapo, shati likiwa mwilini. Bi Sikudhani akatoka ndani, akaona. Nguo haishonwi mwilini. Ni uchuro, huita kifo.

"Kesho sitaki kuuona mkeka huu hapa," akasema. "Akifa mtoto wa watu, nitasema nini?"

"Bi mkubwa, mtoto ana shati moja tu. Avue, akae uchi?"

"Akae."

Asubuhi yake mkeka ukatandikwa palepale. Hyasinta akasimama katikati, kavaa gauni lake la kanisani, akampa Celina sindano na kipande cha kaniki.

"Nishonee mfuko. Hapa ubavuni."

"Mama Vitalis, wanasema utakufa."

"Waache waseme. Shona."

Rajabu akasimamisha cherehani. Majirani wakajaa. Bi Sikudhani yuko mlangoni, kajishika kiuno. Sindano ikamchoma Hyasinta, hakutikisika.

"Shika nguo, mwanangu. Nyama niachie mwenyewe."

Watu wakacheka, hata wasiotaka.

Mfuko ukakaa kombo. Akaenda nao sokoni, akaenda nao bombani, Jumapili akaenda nao misani, na kila alipopita alitia mkono ndani ili wauone vizuri.

"Bado mzima?" Rajabu humwuliza.

"Bado. Na wewe?"

Bi Sikudhani aliungoja msiba, haukuja. Hakusema mkeka uruhusiwe. Nao ulikuwa haujaondoka. Alichosema, siku moja akipita na ndoo yake, ni hiki: "Ule mfuko umekwenda upande. Unaniaibisha barazani kwangu."

"Celina, umesikia?" Hyasinta akaita. "Leta sindano. Fumua, ushone upya."

Akasimama mbele ya Bi Sikudhani, akainua mkono mtoto apate nafasi. Gauni hakulivua.