Migusano Yote Ilikuwa Sahihi

Tangu rafiki yangu ahamie kusini na wazazi wake, kwenye kijiji kipya walichopangiwa na serikali, mie sikai tena maabara jioni. Mwaka jana, tukiwa kidato cha tatu, tulikuwa humo kila siku baada ya shamba la shule, miguu imejaa udongo, tunahesabu shanga. Sasa nipo kidato cha nne, na nikifungua daftari ninalolificha chini ya mto, kurasa ninazorudia kusoma ni za siku zile.

Mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa kijana wa bara aliyetoka kusoma ng'ambo. Alirudi na kitabu kimoja kinene, akakivalisha gazeti, na hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kukishika kabla ya kunawa. Siku moja alichora ubaoni uzi mrefu wenye vifundo. Akasema misuli tunayolimia ina protini ya kutunza oksijeni, na protini hiyo ni uzi wa asidi amino mia na hamsini na tatu, zimeshikana moja baada ya nyingine. Ila uzi wenyewe haukai umenyooka. Unajisokota, unajikunja, mpaka asidi ya mwanzoni inakwenda kugusana na ya huko mbali kabisa.

"Jirani yako wa kwenye mstari mnagusana tu, hilo si la ajabu," alisema. "Tafuta yule wa mbali anayekugusa. Huyo ndiye anayeshikilia umbo lisifumuke."

Mvulana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, hiyo protini ya ng'ombe?"

"Hii waliyoipima ni ya nyangumi."

"Sasa nyangumi wa Temeke tutampata wapi?"

Darasa zima likacheka, mwalimu naye akacheka. "Hatumhitaji. Tutaitengeneza wenyewe."

Yalikuwa yanakuja maonyesho ya shule za wilaya, na kila shule ilitakiwa ipeleke kitu ilichokitengeneza kwa mikono yake na kwa vifaa vilivyopo. Wengine walitengeneza mashine za kupukuchua mahindi. Sie tukatengeneza protini.

Kazi tulipewa wasichana wawili. Rafiki yangu alichaguliwa kwa sababu baba yake alikuwa mchonga vinyago, na masalio ya mpingo na mninga yalijaa uani kwao. Baba yake alitutobolea shanga zote mia na hamsini na tatu. Za mpingo, nyeusi, zilikuwa zile asidi zisizopenda maji, ambazo hujificha ndani. Za mninga ndizo zinazokaa nje. Mie nilichaguliwa, nadhani, kwa sababu sikuwa nasema. Tangu kidato cha kwanza sikuwahi kunyoosha mkono darasani. Mwalimu aliniambia, "Wewe huwezi kusema, basi andika," akanipa daftari la migusano. Kila Ijumaa alilichukua akalisoma.

Rafiki yangu alipitisha shanga kwenye waya, kisha akausokota waya kuzunguka mchi wa kutwangia wa nyumbani kwao, sehemu baada ya sehemu, maana protini ile ina vipande vinane vilivyosokotwa hivyo. Baada ya hapo tulivikunja vipande mpaka vilale pamoja kama kitabu kilivyotaka. Mie nilikuwa na uzi wa sentimita saba. Uzi ukifika kutoka ushanga mmoja hadi mwingine, tunasema zinagusana, usipofika, hazigusani. Nikiona zinagusana, natia msalaba kwenye karatasi ya grafu, namba ya ushanga huu chini, namba ya ule pembeni. Halafu nalinganisha na orodha ya mwalimu.

Siwezi kueleza raha yake. Misalaba ilianza kama vumbi, baadaye ikajipanga mistari kama mshono. Katikati tuliweka kizibo cha soda kilichopakwa rangi nyekundu, ndiyo sehemu yenye chuma inayobeba oksijeni. Ushanga wa sitini na nne upande huu, wa tisini na tatu upande ule, kwenye uzi zimeachana mbali sana, lakini zote mbili zilikuja kukielekea kile kizibo. Rafiki yangu alipouona wa tisini na tatu unaingia mahali pake alipiga kigelegele, mlinzi akaja kuchungulia.

Lazima niseme jambo moja juu yake. Alikuwa mashoto. Shule ya msingi walimchapa rula kwenye vidole vya mkono ule, na nyumbani bibi yake aliupiga kibao ukikaribia sahani. Akajifunza kula, kuandika na kusalimia kwa kulia kama watu wote. Lakini penye kazi ya nguvu mkono wa kushoto ulitangulia wenyewe, na kusokota waya mnene kuzunguka mchi ni kazi ya nguvu.

Alhamisi moja, wiki mbili kabla ya maonyesho, alikuwa zamu ya kufagia na mie nilikuwa peke yangu maabara, nafunga mfano wetu kwenye ubao kwa skrubu. Nikasimamisha skrubu mezani. Nikatazama mistari yake, nikatazama waya. Mistari ya skrubu ilipanda kuelekea kulia. Ya waya wetu ilipanda kuelekea kushoto. Nikanawa mikono, nikafungua kitabu: picha ilipanda kulia, kama skrubu. Hapo ndipo nilipokumbuka ni mara ngapi tulisema picha haifanani kwa kuwa tunaitazama kwa nyuma, tukaugeuza mfano na kuendelea. Nikachukua kioo kidogo cha hadubini, nikakiweka pembeni ya mfano. Ndani ya kioo ilikuwepo protini ya kitabuni, sawasawa.

Nilipima tena migusano ishirini. Yote sahihi. Na ndicho kilichonitisha. Uzi wangu ulijua nani anamgusa nani, lakini haukujua kulia na kushoto.

Tulirudi nyumbani pamoja siku ile. Njia nzima mpaka Kiwalani nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Tulinunua muwa, tukaukata nusu kwa nusu, akanihadithia bibi yake alivyogombana na mwenye kuku. Nikacheka, nikatafuna. Tayari nilikwishaandika kwenye lile daftari la migusano: "Mfano wetu umesokotwa kushoto. Migusano yote ni sahihi lakini ni protini ya kwenye kioo." Nilijiambia kuandika ni sawa na kusema.

Ijumaa mwalimu akaingia darasani na daftari limefunguliwa. Alikuwa na furaha, sikumwona na hata chembe ya hasira. Akasoma maneno yangu kwa sauti, mbele ya wote.

"Kushoto?" akasema yule mvulana wa nyuma. "Si yule mashoto huyo! Hata nyangumi kamlisha kwa mkono wa chooni!"

Vicheko. Mwingine akasema, "Basi ugeuzeni juu chini, yaishe!"

"Haiishi," mwalimu akasema. Akavua kiatu cha kushoto, akakipindua, akakigeuza mbele nyuma. "Kigeuze utakavyo, hakiingii mguu wa kulia. Na nyie mnaocheka, mimi nimeutazama mfano huu wiki tano sikuona. Kosa ni langu."

Lakini rafiki yangu hakuwa anamsikiliza. Alinigeukia. Mikono yake yote miwili ilikuwa chini ya dawati.

"Jana tumekula muwa mmoja," aliniambia taratibu. "Ungeniambia mie kwanza."

Siku tatu hakunisemesha. Alitoka shuleni kabla yangu, na njia ya Kiwalani ikawa ndefu. Daftari langu la chini ya mto lina kurasa za siku hizo, za samahani ambazo sikumpelekea, kwani kumpelekea karatasi nyingine ndilo lilikuwa kosa lilelile.

Jumanne nilimkuta maabara, ameukunjua waya wote sakafuni, mchi umebanwa magotini. Nikashika ncha ya waya nimsaidie.

"Acha," akasema. "Nitasokota mwenyewe, na kwa mkono wangu huuhuu. Wewe kaa pale, nikikosea useme. Useme kwa mdomo."

Nikakaa. Mkono wake ulizoea kuvuta upande mmoja, sasa ikabidi usukume upande wa pili, na kila akichoka ulirudi njia yake ya zamani. "Kulia," nikasema. Hakusikia. "Kulia!" Jioni ile na jioni zilizofuata nilisema neno hilo mara nyingi kuliko maneno yote niliyosema darasani miaka mitatu. Tulipomaliza kukunja nilipima migusano upya, na sikufuta hata msalaba mmoja.

Siku moja kabla ya maonyesho mwalimu alituletea kipande cha kadibodi, tuandike maelezo. Aliniachia mie kalamu. Nikaandika mistari minne, nikaishika kadibodi mkononi, nisijue niiweke wapi. Kisha nikamsogelea rafiki yangu.

"Sikiliza kwanza," nikasema. "Kabla ya mwalimu."

Nikamsomea. Protini ya misuli. Asidi amino mia na hamsini na tatu. Migusano ya mbali ndiyo inayoshikilia umbo. Imesokotwa kulia.

Alisikiliza mpaka mwisho, anafuta gundi vidoleni. "Ongeza," akasema.

"Niongeze nini?"

"Imesokotwa kulia, kwa mkono wa kushoto. Andika herufi kubwa, shoga, yule wa nyuma asome toka mlangoni."