Nyekundu kwa Nyekundu

Nakumbuka alasiri moja ya mwaka wa 2007, kule Ndabibi, nilipolaumiwa kwa kuua vifaranga ambao hata hawajazaliwa. Keti, mwanangu. Chai iko kwa thamosi, na hadithi hii si ndefu.

Kaka yangu Njoroge alikuwa ametengeneza mashine ya kuangulia mayai. Alikuwa na kichwa chepesi, na yeye mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi. Ndani ya kisanduku aliweka chipu, ule ubongo mdogo unaosoma joto kutoka kwa waya wa kipimo, kisha unaamua taa ziwake au zizime. Mayai yalikuwa ya mama. Kuku wake wote walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa kideri, akazunguka kwa majirani akiomba mayai ili aanze kufuga upya.

Stima haikuwa imefika kwetu. Tulitumia betri ya gari, na ikiisha tunaipeleka senta kuchajiwa. Siku hiyo niliibeba mimi, nikarudi mbio maana mayai yalikuwa yanapoa chini ya blanketi. Nikakuta vibanio vinaning'inia ukutani, kimoja chekundu na kingine cheusi. Nikabana nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kama tulivyozoea kwa redio na kwa simu.

Taa hazikuwaka. Kumbe Njoroge alikuwa ameuwekea hata waya wa kipimo vibanio vya namna ileile, na vibanio hivyo ndivyo nilivyobana kwenye betri. Volti kumi na mbili za betri zikaingia kwenye mguu wa chipu unaostahimili tano tu, ikaungua.

"Umeua vifaranga za mathe!" akafoka. "Si nilikwambia usiguse vitu zangu?"

Hakuwa ameniambia. Lakini mama alikuwa amesimama pale akinitazama, nami nikainama kuyafunika mayai tena. Iliniuma sana, mwanangu, na sidanganyi.

Kesho yake mama alibaki akiyapasha mayai kwa chupa za maji moto, nasi tukaenda Nakuru kwa Mzee Harjit, Singasinga aliyekuwa akitengeneza redio na pampu tangu marehemu baba akiwa kijana. Njoroge alibeba kisanduku na chipu yake ya mwisho, mimi nikabeba betri.

"Nani aliunganisha betri?" Mzee akauliza.

"Ni huyu. Hajui kitu. Lakini utafanya nini, mzee? Ajali haina kinga."

Mzee akavua miwani. "Dada yako ameweka nyekundu kwa nyekundu. Kila mtu hufanya hivyo. Wewe ndiyo ulijua hii mguu haitaki zaidi ya tano, na ukaacha mlango wazi. Sasa unapigia mgeni kelele ati ameingia?"

Njoroge akamfungulia kisanduku. Mzee akachomea rezista kati ya waya na mguu wa chipu, ili umeme usiingie kwa nguvu. Kisha akaweka dayodi ndogo ya zena kutoka kwenye mguu huo hadi kwenye waya hasi. Volti zikizidi tano, dayodi hiyo hufungua njia na ziada ikapitia hapo. Vitu viwili tu, vidogo kama punje za mchele. Alipomaliza akaipachika ile chipu ya mwisho, akanisogezea betri.

"Msichana, weka tena. Palepale."

"Mzee, na ikiungua?"

"Kama itaungua, afadhali iungue hapa. Weka."

Niliwaza mayai ya mama, nikavishika vile vibanio vya kipimo. Nikabana. Baada ya muda nikaondoa, Mzee akaiunganisha betri mahali pake, na taa ikawaka. Nililia mbele ya wateja bila haya.

Tulirudi kupitia Gilgil. Pale Njoroge alininunulia hindi la kuchoma, na kwa kaka yangu hiyo ndiyo pole. Mayai mengine yalikuwa yameharibika, lakini vifaranga waliotoka walimtosha mama kuanza tena. Siku hizi duka la Mzee linauza simu, naye hayuko tena. Namkumbuka kila ninaposikia harufu ya waya wa kuchomea.

Basi, mwanangu, waya wowote unaotoka nje ya kisanduku utashikwa na mkono usioujua. Uwekee rezista na zena kabla ya kumwonyesha mtu, na vibanio vya betri visifanane na vya kipimo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Chipu utanunua nyingine. Lakini asubuhi nilikusikia ukimwita dada yako mjinga kwa sababu ameunguza chipu ya hiki kifaa chako, na tangu hapo hajatoka jikoni. Nenda ukamwite. Mkitengeneze pamoja, halafu yeye ndiye wa kukijaribu.

Mungu aibariki mikono yenu, na mtu wa nyumbani kwenu asiogope kamwe kugusa kazi yenu.