Chupa ya Maziwa ya Mama Mkwe

Mwanangu Neema alipoharisha tena wiki ile, uvumilivu uliniisha. Nilibeba chupa yake ya maziwa hadi dukani kwa Mzee Salum, hapa Ibighi, nikamfokea mbele ya wateja.

"Unatuuzia maziwa mabichi halafu unasema umechemsha! Unataka kuniulia mtoto?"

"Mama Neema, mbona nachemsha, tena kwa mkono wangu mwenyewe."

Sikumsikiliza. Nikaenda moja kwa moja ofisi ya kata, nikaandika malalamiko. Mchana ule ule mtendaji akaja dukani na mtaalamu wa maziwa. Mtaalamu akatueleza kwamba maziwa mabichi yana kimeng'enya kinachong'oa fosfati, na moto hukiua. Kikiwa hai, dawa ya kupimia aliyokuja nayo inageuka njano.

Alipopima maziwa ya chupa yangu, yakawa njano kama kiini cha yai.

"Mmeona?" nikapiga kelele.

Akapima ya kwenye sufuria ya Mzee Salum. Dawa haikubadilika hata kidogo.

"Dada, chupa hii ilikuwa na nini kabla?"

Ndipo nikakumbuka. Mama mkwe alikuwa ameniletea maziwa ya ng'ombe wake kutoka Nkunga, na mimi maziwa ya mkwe siwezi kuyamwaga. Yalibaki kidogo chupani, mabichi. Nikamiminia ya dukani juu yake, nikamnywesha mtoto.

Mtendaji akakohoa, akasoma malalamiko yangu kwa sauti: "Naomba aliyempa mwanangu maziwa mabichi atajwe jina hapo hapo dukani, wateja wote wasikie."